Ajali na usalama barabarani Salgaa na miji mingine midogo ya njia kuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya wakazi, wafanyabiashara, madereva na wazazi wanaoishi katika miji midogo iliyoota kando ya barabara kuu nchini Kenya. Mfano mkuu ni Salgaa, kwa kuwa hakuna kituo kingine cha biashara ambacho historia yake ya ajali inajulikana sana kama hiki, na kwa kuwa hapa imeonekana wazi kwamba hatari ikishughulikiwa kwa uhandisi, vifo hupungua.

Salgaa iko wapi, na kwa nini jina lake limehusishwa na ajali kwa miaka mingi?

Salgaa ni kituo cha biashara katika eneo la Rongai, Kaunti ya Nakuru, magharibi ya mji wa Nakuru, kwenye barabara inayoelekea Eldoret. Barabara hiyo ni sehemu ya ushoroba wa kaskazini, yaani njia inayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi mipaka ya Malaba na Busia, na kutoka hapo kwenda Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Madereva wa masafa marefu wamezoea kuegesha trela zao hapa walale, wale na kupumzika, na biashara za mji zimejengeka juu ya mahitaji yao.

Tatizo ni ardhi yenyewe. Anayetoka Mau Summit akielekea Nakuru hushuka mteremko mrefu unaopita Kibunja, Sachangwan na Migaa kabla ya kuingia Salgaa. Kwa miaka mingi magari yaliyopanda polepole na yaliyoshuka kwa kasi yalitumia lami ile ile, yakitenganishwa na mstari wa rangi tu. Mnamo tarehe 31 Desemba 2017, basi la abiria na lori viligongana uso kwa uso Migaa, na watu 36 wakafa. Msiba huo ulifuata mwezi mzima wa ajali mbaya katika kipande hicho hicho cha barabara, na ndio uliofanya nchi nzima ilitamke jina la Salgaa kwa hofu.

Je, ni kweli kwamba eneo hili lina mkosi?

La. Imani hiyo inaeleweka kwa watu waliozika ndugu na majirani mwaka baada ya mwaka mahali pale pale, na maombi yanayofanywa kando ya barabara yana heshima yake. Hata hivyo, ajali zinazorudia mahali pamoja ni dalili kwamba kuna sababu inayodumu mahali hapo, na sababu inayodumu inaweza kupimwa na kuondolewa. Kwenye mteremko wa Sachangwan sababu hizo zilijulikana: urefu wa mteremko, uzito wa malori, tabia ya kushuka bila gia, magari ya kasi mbili tofauti kushiriki njia moja, na watu wanaovuka kwa miguu pale mteremko unapomalizikia.

Ni nini hasa hutokea lori "linapofeli breki" kwenye mteremko?

Inafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu neno "breki zilifeli" limetumika mno kufunga mjadala ambao ungepaswa kuanzia hapo.

Kanuni za uzito za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu lori lenye ekseli saba kufikia tani 56. Dereva anayeanza kushuka akiwa katika gia ndogo hufanya injini yenyewe ilizuie gari, na breki za miguu hubaki kuwa msaada wa hapa na pale. Dereva anayetoa gia na kuliacha lori lishuke lenyewe, kwa nia ya kubana dizeli, huondoa kizuizi hicho chote. Uzito wote sasa unashikiliwa na pedi zinazosuguana na dramu za breki. Baada ya kilomita chache dramu hupata moto kiasi kwamba msuguano unapungua. Anayesimama kando ya barabara husikia harufu kali ya pedi zinazoungua na huona moshi mwembamba ukitoka kwenye magurudumu ya nyuma ya trela, dereva akiwa bado hajajua hali ilivyo. Akikanyaga breki mara kwa mara, hewa iliyobanwa kwenye mitungi, ambayo ndiyo inayoendesha breki za lori, hupungua pia. Wapo hata wanaozima injini kabisa, na hapo kompresa inayojaza hewa husimama na usukani huwa mzito. Mtu akijaribu kurudisha gia wakati lori limeshika kasi, mara nyingi gia hukataa kuingia.

Kwa hiyo breki "hufeli" mwishoni mwa mlolongo wa maamuzi, na sehemu kubwa ya maamuzi hayo hufanyika juu kabisa ya mteremko. Mwenye lori anayempa dereva mafuta ya kupimwa kwa lita na kumkata mshahara akizidisha amechangia, sawa na fundi aliyefunga pedi za bei rahisi. Uchunguzi unaoishia kwa dereva peke yake huwaacha hawa wawili waendelee kama kawaida.

Ukuta wa zege uliojengwa mwaka 2018 ulibadilisha nini?

Baada ya msiba wa Migaa, mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, ilitenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka kwa kujenga ukuta wa zege katikati ya barabara kati ya Sachangwan na Salgaa. Migongano ya uso kwa uso, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiua watu wengi kwa mara moja, ilipungua sana. Dereva anayekosea bado hukosea, lakini gari lake sasa husugua ukuta badala ya kukutana na basi lililojaa abiria.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo kila mji mdogo wenye barabara kuu unapaswa kulizingatia. Madereva wa mwaka 2019 walikuwa wale wale wa mwaka 2017, na malori yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni barabara. Elimu kwa madereva na msako wa polisi vina nafasi yao, lakini athari ya msako huisha polisi wakiondoka, na ukuta hubaki mahali pake usiku na mchana.

Ukuta una mapungufu pia. Haumzuii mtu kuvuka kwa miguu. Humlazimisha kutafuta pengo au kuuruka, na kama hakuna kivuko cha juu au sehemu salama ya kuvukia karibu, basi hatari imehamishwa kutoka kwa abiria kwenda kwa mtembea kwa miguu.

Kitaifa, vifo vinaongezeka au vinapungua?

Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, waliofariki barabarani nchini Kenya walikuwa 4,579 mwaka 2021, 4,690 mwaka 2022, 4,324 mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024. Atakayechukua mwaka 2023 peke yake atasema hali imeboreka. Atakayetazama miaka yote minne ataona kwamba idadi imeganda juu ya elfu nne na haijaonyesha nia ya kushuka.

Takwimu hizi hutokana na taarifa za polisi, na si kila kifo huwafikia polisi. Majeruhi aliyepelekwa hospitali na kufa wiki mbili baadaye huweza kubaki kwenye kitabu kama majeruhi, ingawa kipimo cha kimataifa kinahesabu kifo chochote kinachotokea ndani ya siku 30. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba waliokufa barabarani Kenya mwaka 2016 walikuwa yapata 13,463, wakati idadi rasmi ilikuwa 2,965. Pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza.

Tutajuaje mwelekeo wa ajali katika mji wetu wenyewe?

Hili ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Mji mdogo huweza kukaa mwaka mzima na vifo viwili, mwaka unaofuata basi moja likapinduka na kuua watu kumi na wanane, kisha mwaka wa tatu vikarudi vitatu. Ukilinganisha mwaka wa pili na wa kwanza utasema hali imekuwa mara tisa mbaya zaidi. Ukilinganisha wa tatu na wa pili utasifia kampeni yoyote iliyofanyika katikati. Kauli zote mbili hazina msingi. Idadi ndogo hupanda na kushuka kwa bahati tu, na baada ya mwaka mbaya sana ni kawaida kufuatwa na mwaka wenye nafuu hata kama hakuna lililofanyika.

Njia iliyo salama zaidi ni kujumlisha miaka mitatu hadi mitano na kulinganisha na kipindi kingine cha urefu huo huo, kuhesabu ajali zenye majeruhi mahututi pamoja na zenye vifo, na kurekodi mahali hasa zilipotokea. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, alama ya karibu kama duka au mti au bango, aina ya magari, na kama aliyeumia alikuwa akitembea, akiendesha pikipiki au akiwa abiria. Chama cha wanabodaboda au kamati ya soko inaweza kulitunza. Baada ya miaka miwili daftari kama hilo huonyesha kitu ambacho ripoti ya kitaifa haiwezi kukionyesha, kwa mfano kwamba watu wote watano waliogongwa walikuwa wakivuka kati ya stendi ya matatu na pampu ya maji, baada ya saa kumi na mbili jioni. Ombi la taa na kivuko lenye maelezo ya namna hiyo ni gumu kukataliwa.

Nani hufa zaidi?

Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi, wakifuatwa na waendesha pikipiki na abiria wao. Abiria wa basi hufa wengi kwa wakati mmoja na ndiyo maana hutangazwa. Anayetembea hufa mmoja mmoja, mara nyingi usiku, na habari yake huishia kijijini. Katika mji mdogo wa barabara kuu tofauti hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa madereva wengi ni wapita njia na wanaogongwa ni wenyeji.

Kwa nini soko kando ya barabara ni hatari, ilhali ndiko wateja waliko?

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililokuwa likielekea Kericho liliacha njia katika makutano ya Londiani na kuwaparamia wachuuzi, waendesha bodaboda, watembea kwa miguu na matatu zilizokuwa zimesimama. Watu 52 walikufa. Wengi wao hawakuwa safarini kabisa; walikuwa kazini, wakiuza na kununua mahali walipozoea.

Baada ya hapo serikali iliagiza wafanyabiashara waondolewe kandokando ya barabara kuu. Agizo lilikuwa na sababu nzuri, lakini mama anayeuza viazi na mahindi ya kuchoma hakai ukingoni mwa lami kwa kupenda hatari. Anakaa pale kwa sababu gari husimama pale, na akirudi nyuma mita mia moja mauzo yake hufa. Soko jipya likijengwa nyuma ya mji bila kuhamisha pia kituo cha matatu na maegesho ya malori, vibanda vitarudi barabarani ndani ya mwezi mmoja. Kuhamisha soko ni kuhamisha mahali magari yanaposimama, na mipango ambayo haikuanza na hilo imeshindwa mara nyingi.

Mwendo unaoruhusiwa mjini ni upi, na kweli tofauti ya kilomita chache ina maana?

Ndani ya miji na vituo vya biashara nchini Kenya mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, iwe barabara ni kuu au ndogo. Nje ya miji, magari ya abiria na malori hayapaswi kuzidi kilomita 80, na ndiyo maana vidhibiti mwendo vilifanywa kuwa lazima na kanuni zinazojulikana kama kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004.

Gari lenye mwendo wa kilomita 80 husafiri mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akiona mtoto barabarani, sekunde ya kwanza hupotea kabla mguu haujafika kwenye breki, na gari limeshakula upana wa uwanja mdogo. Kwa kilomita 50 ni mita 14. Nguvu ya mgongano nayo huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari lile lile kwa kilomita 80 lina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu kuliko likiwa na 50. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuongezeka kwa mwendo wa wastani kwa asilimia 1 huongeza hatari ya ajali yenye kifo kwa asilimia 4. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa kimataifa wa usalama barabarani, lilipendekeza kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika, kama vile mbele ya shule na soko.

Kwa nini wakazi wasijiwekee matuta wenyewe?

Hasira inayowafanya vijana wachimbe barabara au wamwage kifusi baada ya mtoto kugongwa ina chanzo cha kweli. Lakini tuta lisilo na alama, lisilopakwa rangi na lenye kimo kisichofaa huua pia, hasa waendesha pikipiki usiku, na chini ya mteremko huweza kulifanya lori lililojaa lipoteze mwelekeo. Tuta zuri hutanguliwa na ishara, na mara nyingi na mistari midogo ya kutetemesha gari ili dereva apunguze mwendo mapema. Peleka ombi la maandishi KeNHA likiwa na picha, orodha ya ajali na sahihi za walimu wakuu wa shule zilizo karibu, na nakala kwa mwakilishi wa wadi na mbunge.

Bodaboda zimeongeza ajali?

Zimeongeza majeruhi, naam, kwa kuwa idadi yake imekua haraka tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 2000, na kwa kuwa mpanda pikipiki hana bati la kumkinga. Wakati huo huo zimebeba wajawazito, wanafunzi na wagonjwa kutoka vijiji ambavyo matatu haifiki. Sheria inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, ampe abiria vifaa hivyo hivyo, na abebe abiria mmoja tu. Helmeti iliyofungwa mkanda kidevuni hupunguza sana hatari ya kufa. Ile inayoning'inizwa kwenye usukani ili polisi waione haimsaidii mtu. Abiria ana haki ya kuidai kabla ya kupanda, na akinyimwa, atafute pikipiki nyingine.

Kusafiri usiku kupigwe marufuku?

Ilijaribiwa. Siku ile ile ya msiba wa Migaa, NTSA ilisimamisha safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu, na baadaye marufuku hiyo ikalegezwa. Mabasi yalikuwa yakizuiwa huku malori yakiendelea, na abiria wa magharibi ya nchi walijazana kwenye magari ya mchana. Hatari ya usiku ipo: uchovu, giza, na gari lililoharibika likiachwa barabarani bila taa. Lakini sheria inayoigusa moja kwa moja tayari ipo, kwani Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ikisimamiwa kwa dhati, pamoja na maegesho salama yenye choo, maji na ulinzi, dereva hatakuwa na sababu ya kushuka mteremko saa tisa usiku macho yakifumba.

Lori la mafuta likipinduka, nifanye nini?

Kimbia, na uwavute wengine wakimbie nawe. Usikaribie kwa debe, usikaribie kwa simu ya kupiga picha, na usiwashe pikipiki karibu.

Mnamo tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakaenda kuteka mafuta, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Julai 2010 mamia walikufa kwa namna hiyo hiyo Sange, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, Morogoro, ambako pia waliokufa walizidi 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaza mitaro na mabonde, na huweza kuwaka kwa cheche iliyo mbali na lori lenyewe. Mtu aliyesimama mtaroni akijaza mtungi amesimama ndani ya moto ambao bado haujawashwa. Umaskini ndio unaowasukuma watu kwenda, na hilo halipaswi kusemwa kwa dharau. Ndiyo maana onyo litolewe mapema, shuleni, kanisani, msikitini na kwenye mabaraza ya chifu, badala ya kusubiri siku lori limelala barabarani na watu wanakimbilia huko.

Nikiwa wa kwanza kufika kwenye ajali ya kawaida, nianzie wapi?

Hakikisha kwanza hutagongwa wewe. Mtu mmoja asimame umbali wa kutosha kila upande awaonye wanaokuja, hasa upande wa mteremko. Piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na utaje alama ya karibu. Anayevuja damu nyingi abanwe kwenye jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Asiyekabiliwa na moto wala hatari nyingine ya papo hapo asivutwe kutoka ndani ya gari kwa pupa, kwa kuwa shingo iliyovunjika inaweza kumpoozesha maisha yote. Usimpe maji wala chai. Simu na pochi za majeruhi zikusanywe na mtu anayejulikana na zikabidhiwe polisi mbele ya mashahidi. Wizi kwenye ajali umeziaibisha jamii zetu, na huchelewesha kutambuliwa kwa waliofariki.

Je, hospitali inaweza kumkataa majeruhi asiye na pesa?

Haiwezi kihalali. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hii inahusu hospitali za umma na za binafsi. Anayekataliwa aandike jina la kituo, saa na aliyemkataa, kisha apeleke malalamiko baada ya mgonjwa kupata huduma kwingine.

Nimeumizwa, au nimefiwa. Fidia hupatikanaje?

Ajali yenye majeruhi lazima iripotiwe polisi haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Chukua nambari ya kitabu cha matukio, omba fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari, na baadaye upate abstrakti ya polisi inayoonyesha gari, mmiliki wake na kampuni ya bima. Tunza kila risiti, hata ya nauli ya kwenda kliniki. Bima ya lazima huwalinda watu wengine walioumizwa na gari, kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Kesi ya madai hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Jihadhari na mawakala wanaofika wodini na karatasi za kutiwa sahihi siku ya pili. Majeruhi aliye kwenye dawa za maumivu hapaswi kutia sahihi chochote. Wakili wa kweli atakupa muda wa kusoma, ataeleza ada yake kwa maandishi, na hatakuzuia kuongea na wakili mwingine.

Nani anawajibika kwa nini?

Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA. Barabara za kaunti, taa za mitaani, masoko na maegesho ya mjini ni kazi ya serikali ya kaunti. Polisi wa trafiki husimamia sheria, na NTSA hutoa leseni na kukagua magari. Mji mdogo huumia kwa sababu hatari yake hukaa katikati ya ofisi hizi: kivuko ni cha mmoja, taa inayokimulika ni ya mwingine, na soko linalowavuta watu kuvuka ni la wa tatu. Barua moja iliyopelekwa kwa wote kwa pamoja, ikionyesha wazi nani amenakiliwa, huwazuia kurushiana lawama.

Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit utamaliza tatizo?

Ujenzi wake ulizinduliwa mwishoni mwa Novemba 2025. Njia mbili zilizotenganishwa zitaondoa kuovateki kwa hatari, jambo ambalo limeua watu wengi kati ya Nakuru na Mau Summit. Hata hivyo, barabara pana huleta mwendo mkubwa zaidi na umbali mrefu zaidi wa kuvuka kwa miguu. Wakazi wa Salgaa, Migaa na Sachangwan wanapaswa kuuliza sasa, michoro ikiwa bado inaweza kurekebishwa, vivuko vya juu vitakuwa wapi na kama vitafikika kwa kiti cha magurudumu na mkokoteni. Barabara za pembeni za magari ya mwendo mdogo na bodaboda zitaanzia na kuishia wapi. Malori yataegeshwa wapi. Na kama kwenye mteremko kutakuwa na njia za dharura zenye kokoto za kulinasa lori lililopoteza breki. Maswali hayo yaulizwe kwenye mikutano ya umma, yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na kamati ya mji ibaki na nakala yenye mhuri.